Koti la Barasa na Kijana wa Ghorofa ya Ishirini na Saba

Kimilili

Wekesa wa mashine ya kusaga alisema nitafika Eldoret nirudi. Mjomba wangu alinipa umbali zaidi: alisema nitafika Nairobi, nitaibiwa simu, kisha nitarudi nikisema viza imecheleweshwa. Mama Rispa, ambaye huuza samaki na maoni katika banda moja, aliwaambia wateja wake kwamba diploma ya usimamizi wa bohari haijawahi kumvusha mtu ghala la mahindi.

Basi nimekwenda, nimekaa miaka miwili na miezi mitatu, na nimerudi. Kwa kuwa kila mmoja wenu ananiuliza peke yake, na mimi si redio ya kurudia taarifa kila saa, nimeandika mara moja. Someni, kisha mpelekeane.

Kwanza ijulikane kwamba sikukopa pesa ya mtu. Niliuza ng'ombe wangu mwenyewe. Nilichoazima ni vitu, maana mtu mwenye diploma hawezi kushuka kwenye ndege akifanana na mtu aliyekimbia moto. Mke wa mchungaji aliniazima sanduku. Mwalimu Khaemba aliniazima viatu vyeusi, vikubwa kwa namba moja, nikavijaza gazeti. Barasa aliniazima koti.

Barasa wengi wenu mlimjua: fundi cherehani wa karibu na posta, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Koti lile alikuwa amejishonea mwenyewe kwa ajili ya harusi yake. Lilikuwa la kijani kilichokolea, refu kidogo kuliko makoti ya siku hizi, na lilikuwa na vifungo vitano mbele. Vifungo hivyo hakuvinunua. Alivikata kwa mkono kutoka pembe ya fahali wa marehemu babake, akavisugua mpaka vikang'aa kama asali.

"Diploma," aliniambia, maana tangu nihitimu hakuniita Nyongesa tena, "pembe imetoa vitano tu. Ukipoteza kimoja, hakuna kingine duniani."

"Na harusi yako je?"

"Nitaoa na shati? Nakungoja. Wewe leta koti."

Alinivisha yeye mwenyewe, akanifunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini, kama mtu anayefunga mlango wa duka lake jioni. Nikaahidi mbele ya mamake kwamba koti litarudi kwa mkono wangu, na vifungo vitano.

Nairobi

Ndege ilichelewa kwa saa kumi na moja. Walituambia ni ubovu mdogo, na mimi kama mtu wa bohari najua kwamba ubovu mdogo hauchukui saa kumi na moja. Nilikaa karibu na mama mmoja wa Machakos aliyekuwa akirudi kazini hotelini huko Dubai. Alikuwa na chapati katika mfuko wa plastiki, na nadhani alinipa mbili kwa sababu ya koti: alidhani mimi ni mchungaji. Kabla sijamaliza ya pili akaniomba niiombee ndege. Kumkatalia mtu ambaye chapati yake iko mdomoni mwako ni vigumu. Niliomba dakika saba kamili, na watu wasiopungua wanane wakaitikia amina. Wachungaji waliosomea wangeweza kujifunza kitu.

Baadaye, tulipozoeana, nikamweleza ukweli kwamba koti ni la bwana harusi ambaye bado hajaoa. Yule mama aliacha kutafuna. Akaniambia kwao nguo ya harusi hukaa kabatini mpaka siku yenyewe, na haitoki nyumbani ikiwa kwenye mwili wa mtu mwingine. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa elimu. Alitikisa kichwa, akafunga mfuko wake wa chapati.

Discovery Gardens

Huko Dubai, ambako niliajiriwa kama mlinzi wa jengo, tulikuwa wanaume sita katika chumba kimoja, vitanda vya juu na chini. Okello wa Uganda alikuwa mpishi wetu kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kusonga ugali katika sufuria yenye mpini mmoja. Aliuita posho, sisi Wakenya tukauita ugali, wakati wa kula tukanyamaza wote.

Koti nililitundika kwenye msumari mkabala na kitanda changu, kifua kikitazama chumba. Asubuhi ya kwanza nilikuta limekaa kiubavu, bega moja ukutani, mfano wa mtu aliyesimama akitazama dirishani. Nikalinyoosha. Asubuhi ya pili vilevile. Nikasema ni upepo wa kiyoyozi. Okello akasema kiyoyozi kinapuliza kutoka upande wa pili. Nikamweleza kwa kirefu jinsi hewa inavyozunguka katika chumba kilichofungwa, jambo nililolisoma chuoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akahamisha mto wake upande wa miguu, asilale akilitazama.

Jumeirah Lake Towers

Hapa ndipo diploma yangu ilipofanya kazi. Wenzangu walibaki getini na kwenye maegesho. Mimi, baada ya msimamizi wetu kuona mwandiko wangu, nilipandishwa ghorofa ya ishirini na saba, katika ofisi ya mama mmoja tajiri ambaye wote walimwita Madam. Alirithi kwa babake vitu vya kale, na kati ya hivyo kimoja alikiwekea chumba chake.

Kilikuwa mchoro juu ya karatasi, mdogo kama kurasa mbili za daftari: kijana wa ukoo mkubwa katika baraza la wafalme wa Mughal waliotawala Uhindini karne nyingi zilizopita. Mwanga huua rangi za namna hiyo, na joto huharibu karatasi. Kwa hiyo chumba hakikuwa na dirisha, baridi yake ilikuwa ya bohari ya viazi, na mchoro ulifunikwa pazia jeusi. Pazia lilifunguliwa mara moja tu kila asubuhi, kwa dakika moja, ili kukagua hali yake.

Utaratibu wa ukaguzi ulikuwa hivi. Watu wawili waliingia. Mmoja alisimama mbele ya mchoro akataja anachoona. Wa pili alikaa kwenye meza akiupa mchoro mgongo, akaandika anachosikia. Mwandishi hakuruhusiwa kugeuka. Walitaka karatasi iandikwe kwa macho ya mtu mmoja tu, asije mwandishi akaanza kusahihisha. Mtazamaji alikuwa Ami Salim, Mzanzibari aliyezaliwa hukohuko Dubai, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye Kiswahili laini kinachokufanya uone haya kufungua mdomo wako. Mwandishi nilikuwa mimi. Kwa sababu ya baridi, nilivaa koti la Barasa.

Asubuhi ya kwanza Ami Salim alitaja polepole.

"Uso mzima. Kaelekea kulia, jicho moja tu laonekana. Mkono wa kulia, ua. Mkono wa kushoto, juu ya mshipi, vidole vimekunjuka. Nguo, koti refu, limekamilika. Kingo nzima. Khalas."

Ndugu zangu, hapa lazima nikiri kosa, na ni kosa la mtu msomi. Katika bohari hatuandiki koti bila kuhesabu vifungo. Karatasi yenye "koti refu, limekamilika" ilinikera kama shati lililotoka nje ya suruali. Nikatazama kifua changu, nikaandika: koti refu, vifungo vitano, limekamilika. Nilidhani kila koti ni koti.

Kuanzia asubuhi ya pili Ami Salim hakutaja tena kitu kimoja kimoja. Alifungua pazia, akatazama, akasema, "Kama jana." Nami nikanakili karatasi ya jana, vifungo na vyote. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa miezi mingi. Sikuwahi kumwona yule kijana. Lakini huwezi kuandika habari za mtu kila asubuhi bila kumpa sura, na bila kukusudia nikampa ya Barasa. Nilipoandika uso, nilimwona Barasa ameinamia cherehani, shavu moja kwangu. Nilipoandika mkono, niliona mkono wa Barasa.

Mwaka wa kwanza ulipoisha na wa pili ukaanza, nilitambua mambo mawili. La kwanza, "kama jana" ya Ami Salim ilianza kuchelewa. Pazia lilifunguka, nikasikia anavuta pumzi, ndipo akasema. La pili, simu ya Barasa haikupatikana tena. Nilimuuliza mke wangu Nafula, akasema Barasa amekwenda Busia kununua vitambaa. Mwezi uliofuata alikuwa bado Busia. Nikatania kwamba labda ameoa huko bila koti. Nafula hakucheka. Alisema simu inakatika, na kweli ikakatika.

Oud Metha

Siku moja mitambo ya baridi ya jengo letu iliharibika kwa saa sita, na karatasi ya mchoro ikajikunja pembeni. Madam akaamua ipelekwe Oud Metha kwa mama mmoja wa Lahore anayetengeneza michoro ya kale. Watu walimwita Daktari, ingawa wagonjwa wake wote ni karatasi.

Mchoro ulifungwa katika sanduku bapa la mbao, nami nikaagizwa nilipakate kwenye gari safari nzima. Ami Salim alikaa mbele na dereva. Barabara ilikuwa imefungwa kwa ajali, na mwendo wa nusu saa ukawa wa saa mbili. Nje lilikuwa jua la mchana linalochoma lami. Ndani dereva alikuwa amezima kiyoyozi kwa sababu ya mafua yake, na mashati yao yalilowa migongoni. Mimi nilikuwa nimevaa koti na sikutokwa jasho hata tone. Mapajani, pale sanduku lilipokaa, nilihisi baridi kama nimepakata jiwe la mtoni. Dereva alinitazama kwenye kioo mara mbili. Mara ya tatu aliomba tubadilishane, niendeshe mimi, naye apakate yale mabaridi yangu, akacheka peke yake.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Kabla ya kufungua sanduku aliomba karatasi zetu zote za ukaguzi, akazisoma kwa mpangilio. Nilisimama kando nikingoja asifu mwandiko.

Aliuliza ni nani aliyeona vifungo. Akaeleza kwamba nguo ya kijana yule haina kifungo hata kimoja. Watu wa baraza lile walivaa vazi jeupe, jembamba, linalofungwa kwa kamba chini ya kwapa. Nikahisi masikio yangu yanapata moto. Akafunua karatasi nyingine kadhaa, kisha akasimamisha kidole.

"Na kwa nini kuanzia siku hii ni vinne?"

Nilichukua karatasi. Ilikuwa ya Jumanne, wiki sita nyuma. Mwandiko ulikuwa wangu, nisingeweza kuukana: vifungo vinne. Jumatatu yake, vitano. Jumatano, vinne, na vinne mpaka jana. Sikukumbuka kuandika vile.

Daktari akanitazama mimi, akatazama koti, akatabasamu kama mtu aliyefumbua fumbo. Akasema nilikuwa naandika koti langu mwenyewe. Ami Salim naye akacheka, nami nikajaribu kucheka, nikainamisha kichwa kuhesabu.

Vilikuwa vinne. Cha pili kutoka juu hakikuwepo. Uzi wake haukukatika. Ulikuwa umefunguliwa, ncha mbili zimelala sambamba juu ya kitambaa, kazi ya mtu anayejua nyuzi.

Ndipo Daktari akafungua sanduku, akaniita nije nione vazi kwa macho yangu, ili nisirudie upuuzi. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Kijana wa mchoro alisimama kiubavu mbele ya rangi ya kijani tupu, kijani cha koti la Barasa, masharubu yake ndiyo kwanza yanaanza. Vazi lilikuwa jepesi hata suruali ilionekana ndani yake. Sura haikuwa ya Barasa hata kidogo, na nikashusha pumzi. Mkono wa kulia ulishika ua. Kisha nikatazama wa kushoto.

Haukuwa umekunjuka juu ya mshipi. Ulikuwa umeinuliwa kidogo mbele ya kifua, na kati ya kidole gumba na cha shahada ulishika kitu kidogo cha mviringo, rangi ya asali. Daktari alinipa kioo chake cha kukuza. Katikati ya kile kitu kulikuwa na nukta nne.

Nilimuuliza ni nini. Alisema ni kito. Vijana wa mabaraza yale walipenda kuchorwa wakishika kito, na zile nukta ni namna mchoraji alivyoonyesha mng'ao. Alilisema kwa uhakika, naye ndiye mtaalamu. Nikarudisha kioo.

Tuliporudi, nilikiri kwa msimamizi kwamba nilijaza nisichokiona. Kwa mtu kama mimi kukiri vile ni kumeza mwiba. Wangeweza kunirudisha nyumbani wiki ileile. Walinishusha getini, nikamalizia mkataba wangu nikifungua kizuizi cha magari. Lakini kabla ya kukabidhi funguo, nikiwa peke yangu na Ami Salim kwenye lifti, nilimkumbusha siku ya kwanza, mkono wa kushoto juu ya mshipi, vidole vimekunjuka.

"Wakumbuka kumbe," alisema.

"Ami, ule mkono ulibadilika lini?"

Alitazama namba za ghorofa zikishuka.

"Mwanangu, wewe wadhani kwa nini kila siku nilikuwa nakwambia kama jana?"

Mlango ukafunguka, akaenda zake kununua chai. Hatukulizungumza tena. Kifungo nilikitafuta chini ya meza ya ghorofa ya ishirini na saba kabla hawajachukua funguo, nikakitafuta chini ya vitanda sita, na kwenye mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi. Okello alinisaidia bila kuuliza. Nililikunja koti, nikaliweka ndani ya sanduku la mke wa mchungaji, nikalifunga kwa ufunguo mpaka siku ya kurudi.

Njia ya kurudi

Ndege ya kurudi haikuchelewa hata dakika, na hilo lilinipa wasiwasi kuliko kuchelewa. Walitupa wali na kuku. Nilimpa jirani yangu kuku wangu. Aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ninawaza jinsi ya kumweleza mtu habari ya kifungo. Aliona nimechanganyikiwa, akavaa vipokea sauti.

Nilipanga maneno kutoka Dubai hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Webuye. Nilikuwa nimenunua vifungo kumi na viwili vya shaba, vizuri sana, nimwambie Barasa achague.

Kimilili tena

Nafula alinipokea, akanikalisha kabla sijafungua sanduku.

Mnajua alichoniambia, maana ninyi nyote mlikuwepo na mlikubaliana nisiambiwe. Siwalaumu. Ndivyo tunavyowafanyia walio mbali, wasije wakaanguka kazini kati ya watu wasiowajua. Barasa aliugua kifua siku nne tu. Nilimuuliza Nafula alifariki siku gani. Alipotaja tarehe, sikuhitaji kuitafuta. Ilikuwa Jumanne ya ile karatasi.

Kesho yake asubuhi nilirudisha vitu. Mke wa mchungaji alipata sanduku lake na jingine jipya lenye magurudumu. Mwalimu Khaemba alipata viatu vyake na jozi mpya, namba yake kamili. Njiani nilipita mbele ya mashine ya Wekesa na banda la Mama Rispa, na wote wawili walinisalimu kwa adabu. Kwa muda mrefu nilikuwa nimeisubiri salamu ile. Nilipita bila kusimama.

Mama Barasa alikuwa ameketi ndani, mlango wazi. Kando yake, juu ya mkeka, kulikuwa na nguo zote za mwanawe, zimekunjwa. Aliniambia ndugu walitaka zigawanywe baada ya matanga, kama ilivyo desturi, lakini yeye alikataa, kwa sababu hazikuwa zimetimia. Walikuwa wamemngoja mtu wa koti.

Nililitoa. Nikapiga magoti, nikaanza maneno yangu ya tangu Dubai, kwamba mama, nilitunza, lakini kimoja kilipotea, na sijui kilipoteaje.

Hakuniacha nimalize. Alifungua fundo kwenye pembe ya leso yake, akaweka kitu mkononi mwangu. Kilikuwa cha rangi ya asali, na matundu manne.

"Walipomwosha walikuta mkono wa kushoto umefumba," alisema. "Walipoufungua, kilikuwemo. Mimi nilidhani ulikirudisha kwa posta, mwanangu, ukamwambia afanye siri."

"Si alikata vitano tu?"

"Vitano. Nilimshikia pembe mimi mwenyewe."

Mimi ni mtu wa diploma, na nimekaa na jambo hili wiki tatu sasa. Nimejiambia kwamba kiganja cha fundi cherehani hakikosi kifungo. Nimejiambia kwamba mama alihesabu vibaya. Asiyeamini aende akamuulize, yupo.

Alichukua sindano kwenye meza ya Barasa, akakishona palepale, akitumia zile ncha mbili za uzi zilizobaki, nazo zikatosha. Kisha akalishika koti kwa mabega, akaliinua mbele yangu.

"Nafula alinieleza kazi uliyokuwa ukifanya huko," alisema. "Kagua na hili. Wewe taja, mimi nasikiliza."

Nikasimama. Safari hii nilitazama kwa macho yangu mwenyewe.

"Kola nzima," nikasema. "Mikono mizima. Bitana nzima. Vifungo."

Mama Barasa akapitisha kidole kutoka chini kwenda juu, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho, kisha akalikunja koti na kuliweka juu ya nguo zingine.

"Vitano," akasema. "Limetimia. Huna deni la mtu."